Masikio ya Mama Kimya

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mama Kimya, kwa sababu kila asubuhi, kabla hajafungua chumba chake, alisimama katikati ya korido na kutamka neno hilo moja tu, "Kimya!", na watu wakanyamaza, hata waliokuja kung'olewa meno. Wafanya usafi walibeba ndoo badala ya kuziburuta. Mlinzi alizima redio. Kuna daktari mmoja mgeni aliyepita siku yake ya kwanza akipiga mluzi, hana habari masikini, na Mama Kimya akamtazama mpaka mluzi ukamfia mdomoni.

Kazi yake ilikuwa kupima masikio. Ndani ya chumba chake kulikuwa na kibanda kidogo kilichozungushiwa sponji kuta zote, chenye mlango mzito kama wa jokofu la bucha na kidirisha kimoja cha kioo. Mgonjwa anaingia, anakaa kwenye kiti, anavaa hedifoni, anashika kitufe. Mama Kimya anabaki nje na mashine yake, anamtumia milio, mmoja mmoja, minene kwanza kisha myembamba, na kila mmoja anaupunguza mpaka unakaribia kutoweka. Mgonjwa akisikia, anabonyeza, taa ya mashine inawaka. Asiposikia, taa inabaki imelala. Alama zinachorwa kwenye karatasi na kuunganishwa, na mwisho unapata mstari. Mstari ukitembea juu, umenyooka, wewe mzima, nenda nyumbani. Ukiporomoka, kaa tuzungumze.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewasomea watu mistari yao. Aliwakemea madereva wa malori, waendesha mashine za kukoboa, wapiga ngoma. Vijana wa hedifoni ndio hasa waliomkoma. "Unaniona?" angewaambia. "Nina miaka hamsini na mbili, na nasikia mbu akikunja mbawa." Hakuwa anatania sana. Nyumbani kwake yeye ndiye aliyejua bomba linavuja kabla ya mtu kuona maji. Yeye ndiye aliyesema saa ya ukutani inataka betri, na kesho yake saa ikasimama. Mumewe, mwalimu wa jiografia, aliwatambulisha wageni hivi: "Huyu ni mke wangu, na ukitaka kunisengenya nenda mtaa wa tatu."

Basi kila Januari watu wa idara ile walitakiwa kupimwa na wao. Wenzake aliwapima yeye. Na yeye je? Alijipima. Alivuta mashine mpaka mlangoni mwa kibanda, akavaa hedifoni, mkono wa kushoto ukatuma mlio, mkono wa kulia ukabonyeza kitufe. Anatuma, anabonyeza. Anatuma, anabonyeza. Dakika sita, kazi imekwisha, mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Alitia sahihi mara mbili, panapoandikwa mpimwaji na panapoandikwa mpimaji, akapeleka faili kabatini. Usicheke bado. Mpishi gani anaomba ruhusa ya kuonja chungu chake?

Ukimwondoa hospitalini, Mama Kimya alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa bendi ya Nusu Saa.

Watu wa rika lake wanawakumbuka: wavulana watatu na msichana mmoja wa kinanda, mashati ya kung'aa, nyimbo za mapenzi za kuchezeka, na albamu ambazo hazikuzidi nusu saa hata moja, ndiyo maana ya jina. Walitoa albamu tisa, wakagombana, wakapotea. Wengine waliwapenda, wakaolewa, wakawasahau. Mama Kimya aliwapenda, akaolewa, na akaendelea nao. Mumewe aliwavumilia wale vijana wanne ndani ya ndoa yake kama mtu anavyovumilia mashemeji.

Lakini hakutaka Nusu Saa wa kwenye simu. Nyimbo za kwenye simu zimebanwa ili ziwe ndogo, na katika kubanwa huko kuna vitu vinavyotupwa: vile vyembamba vya juu, vile vya nyuma kabisa, ambavyo mitambo inaona sikio halitaviulizia. Sikio lake yeye liliviulizia. Alitaka mafaili ambayo hayakupunguzwa kitu, yaliyonakiliwa moja kwa moja kutoka CD halisi za zamani, yenye kila pumzi na kila kidole kilichogusa waya. Wapenzi wa mambo hayo wanajuana. Kulikuwa na kundi lao la simu lenye watu mia mbili na zaidi, wanaobishana juu ya ngoma moja kwa siku tatu bila kula.

Na kulikuwa na Santuri. Huyo alikuwa fundi redio wa zamani mwenye kijiduka cha chumba kimoja, kati ya kinyozi na muuza mabomba. Nywele alipaka rangi nyeusi tii lakini masharubu akayasahau, kwa hiyo kichwa kilikuwa na miaka thelathini na mdomo sitini na mitano. Alikuwa na gubu. Ukimuuliza kama CD ni halisi alikuonyesha mlango. Lakini kazi yake haikuwa na mchezo: alisafisha CD kwa kitambaa cha miwani, akainakili mara mbili, akalinganisha nakala na nakala kwa kompyuta, na zikitofautiana hata kwa unywele alianza upya.

Kila Jumamosi baada ya kazi Mama Kimya alipita pale. Alikaa juu ya kopo la rangi lililofunikwa mto, akavaa hedifoni kubwa za dukani, Santuri akaweka wimbo, naye akafumba macho na kusema anachosikia. "Hapa mpiga gitaa kabadilisha kidole." "Hapa kuna mtu kakohoa, kisha kajizuia." Santuri aliitikia kwa kichwa na kuandika-andika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Mama Kimya alidhani ni orodha ya bidhaa. Albamu nane walizipata hivyo, kwa miaka kumi na mmoja. Ikabaki ya kwanza.

Hiyo ya kwanza ndiyo ilikuwa mfupa. Ilirekodiwa kabla hawajawa na umaarufu, katika ukumbi wa kukodi, na CD zake zilikuwa chache. Wapenzi walisimuliana kwamba katika wimbo wa tatu yule msichana wa kinanda alifunga kengele ndogo kwenye kifundo cha mkono, na kwamba ukisikiliza nakala nzima, isiyopunguzwa, utaisikia inalia kila anapogusa kinanda. Kwenye nakala za simu haimo. Wengine walisema ni uzushi. Mama Kimya aliitafuta kengele hiyo miaka sita, na watu wote wa nyumbani kwake walijua habari za kengele, mpaka fundi wa gesi.

Jumamosi moja Santuri alimpigia. "Mdogo wangu, imepatikana. Mjane wa dereva wa lori ameiuza pamoja na spika zake. Nimeinakili mara nne. Njoo uchukue."

"Nne?"

"Nimeitafuta miaka sita, niinakili mara mbili?"

Siku hiyo alikuwa bado kazini, akaifuata mbio-mbio bila kukaa. Aliisikiliza kesho yake, Jumapili mchana. Maandalizi yake ungedhani anajifungua. Friji ilizimwa. Mume alitolewa barazani na gazeti. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, aliambiwa avue viatu. Mama Kimya aliketi sebuleni mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni, akapandisha sauti, akaweka wimbo wa tatu.

Gitaa likaja. Ngoma ikaja. Msichana wa kinanda akaanza kupiga.

Kengele haikuja.

Aliurudia. Akapandisha sauti. Akaurudia tena huku ameshika hedifoni kwa mikono miwili kana kwamba zitakimbia. Hakuna. Kisha akachukua simu, akaweka wimbo uleule, ule wa kubanwa anaouponda kila siku, na hapo ndipo alipotoa macho. Zilikuwa sawa. Hakuona tofauti ya hata chembe.

"Njoo hapa," alimwita binti. "Kaa nyuma yangu. Uwe unaniwekea, mara ya simu, mara ya Santuri. Usiniambie ipi ni ipi. Mara kumi."

Binti akafanya hivyo. Mama Kimya alijibu kwa kujiamini, kidole juu, kama anavyojibu mtihani mtu aliyeutunga mwenyewe. Mwisho binti akahesabu, akasita.

"Umepata nne, mama."

"Nne!" Hata kuku akidonoa mahindi bila kuchagua angepata tano. Kwa miaka ishirini na sita sikio lake halijawahi kumwangusha, sasa nne? Kisha uso ukafunguka, lakini si kwa heri. "Nimeelewa. Huyu mzee kanitapeli. Kachukua wimbo wa simu akautanua ukawa faili kubwa, akanipa. Ndiyo maana zinafanana. Ndiyo maana kengele haimo!"

Binti alikuwa amejaribu hedifoni. "Lakini mama, kwenye hii ya Santuri mbona kuna kitu kinalia tii-tii? Kwa mbali."

"Miaka sita nawaimbia kengele, hata ukiwekewa taarifa ya habari utaisikia."

"Siyo hivyo, mama, mimi nasikia kabisa—"

"Wewe masikio yako ni ya simu. Mimi ndiye ninayepima masikio hapa!"

Binti akavua hedifoni, akaziweka mezani. Kutoka barazani mume akasema, bila kuinua gazeti, kwamba hata yeye anausikia huo wimbo, unavuja kwenye hedifoni mpaka nje, na kwamba siku hizi husikia mpaka jikoni. Hakuna aliyemjibu. Nani anamjibu mtu wa jiografia katika mambo ya sauti?

Jioni hiyohiyo Mama Kimya alirekodi ujumbe wa sauti akautuma kwenye lile kundi. Alikuwa ameumia kweli. "Jamani wapenzi wenzangu, nasema kwa uchungu. Albamu ya kwanza niliyopewa na Santuri ni hewa. Ni wimbo wa simu uliotanuliwa. Kengele haimo. Masikio yangu mnayajua."

Waliyajua. Ndani ya nusu saa kundi liliwaka moto. Mmoja akasema hata yeye alikuwa na mashaka siku nyingi. Mwingine akasema anarudisha vyake vyote. Wa tatu, ambaye hajawahi kununua chochote kwa mtu yeyote, alimwita mwizi. Santuri aliandika mara moja tu: "Sawa, mdogo wangu." Kisha akajitoa.

"Umeona?" Mama Kimya alimwambia mumewe. "Mtu msafi angejitetea."

"Au mtu aliyechoka," alisema mumewe.

Jumanne ilikuwa siku ya mvua na wagonjwa hawakuja. Idarani kulikuwa na mpimaji mgeni, binti aliyemaliza chuo juzi, mwenye miwani mikubwa na adabu nyingi, ambaye alikuwa anapanga mafaili kabatini. Akatoka na moja mkononi.

"Mama, samahani. Hili faili lako. Miaka yote hii umekuwa unajipima mwenyewe?"

"Miaka yote. Kuna shida?"

"Hapana. Ila chuoni walitukataza. Wanasema mkono unajua umetuma lini, basi unabonyeza hata kama sikio halijasikia." Alishusha macho. "Kama hutajali, leo hatuna watu. Nikupime mimi, nijifunze."

Mama Kimya alicheka. Alikubali kwa roho safi, kama mtu anavyokubali kupigwa picha. Aliingia kibandani, akavaa hedifoni, akashika kitufe, mlango mzito ukajifunga nyuma yake. Ilimshangaza kidogo kugundua kwamba katika miaka ishirini na sita hajawahi kuwa ndani mlango umefungwa. Kulikuwa kimya kweli. Aliusikia moyo wake.

Milio minene ikaja. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Rahisi. Ya kati ikaja, akabonyeza. Kisha pakatulia.

Alingoja. Alidhani yule mpimaji anaandika. Kwenye kioo aliliona bega la yule binti, bega tu, maana mikono huwa imefichwa kwa pazia dogo ambalo Mama Kimya mwenyewe ndiye aliyeliagiza ili wagonjwa wasiibe majibu. Bega likasogea kidogo. Likatulia. Likasogea. Hapo Mama Kimya akaelewa: bega linasogea hivyo mtu anapotuma mlio. Alikuwa anatumiwa milio.

Hakusikia kitu.

Bega likasogea tena. Alijua mwendo huo kuliko anavyoujua mwendo wa mumewe: unatuma, unangoja, unaongeza, unatuma. Yule mpimaji anaongeza. Anaongeza tena. Mama Kimya alikaza masikio mpaka shingo ikamuuma. Kimya kile alichokuwa anakidai kila asubuhi koridoni sasa kilikuwa chake peke yake, na kilimtisha. Kitufe kililowa jasho. Bega likasogea, na kidole chake kikabonyeza chenyewe, bila yeye kusikia lolote.

Mlango ukafunguliwa. "Mama," alisema yule binti kwa upole, "hapo sikukutumia sauti. Nilikuwa najikuna."

Ukiwa umewahi kukosa ngazi gizani, mguu ukashuka usikute kitu, utajua alivyojisikia. Alitoka kibandani akasema mashine ni mbovu. Wakabadilisha hedifoni. Akasema hedifoni nazo ni mbovu. Wakaleta mashine ya akiba kutoka wodi ya watoto, ile iliyobandikwa picha za sungura. Mara tatu alipimwa, mara tatu mstari ulitembea vizuri juu mpaka katikati ya karatasi, halafu ukaporomoka. Aliishika karatasi akaitazama mdomo wazi. Mstari huo alikuwa ameuona kwa mamia ya watu. Alijua hotuba yake kwa moyo. Ilikuwa hotuba ya wale vijana wa hedifoni.

"Unasikiliza kwa sauti kubwa, mama?" aliuliza yule binti, na mara akajutia swali.

Mama Kimya alifungua mdomo amjibu. Alimkumbuka mumewe na wimbo uliovuja mpaka jikoni. Alimkumbuka binti yake akivua hedifoni na kuziweka mezani. Kisha akakumbuka maneno mawili, "Sawa, mdogo wangu," na akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Yale maneno aliyoyasema mbele ya watu mia mbili! Kengele ilikuwamo. Ilikuwamo muda wote, inalia masikioni mwake kwa sauti ya kupasua, naye akamwita mtu tapeli.

"Kuanzia kesho wewe ndiye utakayekagua hedifoni asubuhi, zinataka sikio zima," alimwambia yule binti. "Mkuu wa idara nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia mkuu, akatoka na karatasi kwenye mkoba, mvua ikamnyeshea mpaka dukani kwa Santuri bila kukumbuka kwamba ana mwavuli.

Duka lilikuwa limefunguliwa nusu mlango. Kwenye kaunta kulikuwa na mifuko mitatu ya plastiki imejaa CD, zilizorudishwa. Mmoja ulikuwa na karatasi iliyoandikwa neno ambalo halifai kuandikwa hapa. Santuri alikuwa nyuma ya kaunta, anasafisha kichwa cha kinasa sauti kwa pamba. Alimwona, akaendelea kusafisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kama umekuja kurudisha, weka hapo na wenzako."

Mama Kimya alikuwa ametunga maneno njia nzima. Yote yakamtoka. Aliitoa ile karatasi, akaiweka juu ya kaunta, ikalowa pembeni.

"Hii ni nini?"

"Masikio yangu."

Santuri akaweka pamba chini. Akavaa miwani, akaitazama karatasi juu chini, hajui pa kuanzia. Basi Mama Kimya akamfundisha kama anavyowafundisha wagonjwa, kidole juu ya mstari. "Huku ni milio minene. Hapa nasikia. Hapa nasikia. Hapa kwenda mbele, sisikii."

"Na kengele ingekuwa wapi?"

Alimwonyesha. Ilikuwa huko kulikoporomoka, karibu na ukingo wa karatasi. Kidole cha Santuri kilifuata chake polepole, kikafika, kikasimama.

"Kaka, nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Sina cha kusema."

"Unacho," alisema Santuri kwa gubu lake. "Simu unayo?"

Alikuwa na haki. Mama Kimya akatoa simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi palepale, maji yakimdondoka puani. "Jamani, ni mimi Mama Kimya. Niliwaambia albamu ya Santuri ni hewa. Nilisema uongo bila kujua. Albamu ni halisi. Masikio yangu ndiyo yamekufa, nimepimwa leo, karatasi ninayo. Binti yangu kaisikia kengele, mimi siwezi. Mliomrudishia mzee wa watu vitu vyake, njooni mvichukue, na mumwombe radhi kama ninavyomwomba mimi." Akatuma kabla hajapata nafasi ya kujionea huruma. Simu ikaanza kulia mfululizo, akaizima.

Ndipo akakaa juu ya kopo lake la rangi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Lakini wewe kaka, uliisikia? Mbona hukunijibu pale kundini? Si ungesema tu, nimeisikia kengele kwa masikio yangu!"

Santuri alikuna masharubu yake meupe. "Ningesemaje? Mimi kengele sijaisikia."

"Hukuisikia?"

"Mdogo wangu, sikio hili la kushoto lilikufa kabla sijakujua. Hili la kulia linanipa ngoma na besi, basi. Miaka thelathini ya kusimama kando ya spika za watu unadhani ni mchezo?"

Mama Kimya alipigwa na butwaa, machozi yakakatika yenyewe. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa mbele ya kiziwi, na yeye, mpima masikio, hakujua. "Sasa Jumamosi zote hizo ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Aliinama chini ya kaunta, akatoa lile daftari la jalada la bluu, akampa. Halikuwa orodha ya bidhaa. Kila ukurasa ulikuwa na albamu, wimbo, tarehe, na chini yake mwandiko wa fundi, herufi kubwa zilizoinamia upande mmoja.

*Albamu ya pili, wimbo wa nne. Mama Kimya anasema nyuma kabisa kuna mtu anagonga kijiko kwenye glasi, mara tatu.*

*Albamu ya tano, wimbo wa kwanza. Anasema mwimbaji ana mafua lakini anajikaza.*

*Albamu ya tano, wimbo wa sita. Anasema ngozi ya ngoma imelegea, na mpigaji anajua.*

"Jioni nikifunga duka naweka wimbo na kusoma hapa," alisema Santuri. "Kwa hiyo kijiko nakisikia. Nakisikia kabisa."

Mama Kimya aligeuza kurasa. Alikuwa amesahau kijiko. Alikuwa amesahau mafua. Alizisoma kwa kiu, moja baada ya nyingine, na alipofika katikati ya daftari akapunguza mwendo.

*Albamu ya saba, wimbo wa pili. Anasema ni nzuri.*

*Albamu ya saba, wimbo wa tatu. Anasema ni nzuri.*

*Albamu ya nane, wimbo wa kwanza. Anasema ni nzuri sana, niongeze sauti.*

Alirudi nyuma kutazama tarehe ya "nzuri" ya kwanza. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa sababu hakuamini. Ilikuwa miaka minne. Januari nne za mstari ulionyooka na sahihi mbili.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Miaka minne! Kwa nini hukuniambia?"

Santuri alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza gubu lilikuwa limemtoka. "Nimwambie mpima masikio kwamba hasikii? Ningeanzia wapi? Nikasema moyoni, labda amechoka tu. Labda ikija ile ya kwanza, yenye kengele, ataamka. Ndiyo maana nikainakili mara nne."

Mama Kimya aligeuza mpaka ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Pale juu palikuwa na maneno *Albamu ya kwanza, wimbo wa tatu*, na tarehe ya Jumamosi ile, na chini yake nafasi nyeupe iliyomsubiri. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya kinyozi. Aliisikia vizuri, maana mlio wa mvua ni mnene.

Akakohoa. "Chukua kalamu."

Santuri akachukua.

"Andika: kuna kengele ndogo. Iko mbali. Inalia tii-tii."

Kalamu ikaandika, ikafika mahali pa kusema nani amesema, ikasimama juu ya karatasi. Santuri akangoja bila kuinua macho.

"Andika, binti yake anasema," alisema Mama Kimya. "Na Jumamosi nitakuja naye."